Kima na Punda wa Dobi: Je, Kima ni Mtundu?

Wasomaji wa hadithi za wanyama wamezoea kumkuta kima, nyani au tumbili akiwa na kazi moja tu, nayo ni kuharibu. Ataiba ndizi, ataparamia dari, atamwiga binadamu mpaka ajiumize. Kisha watoto watacheka na mwalimu atafunga kitabu. Hapana ubaya katika kicheko hicho. Lakini mazoea yana nguvu, na yamkini yametufunga macho hata tunaposoma visa ambavyo havikusimuliwa kwa ajili ya kuonyesha utundu. Katika makala haya nataka kukitazama kisa kimoja mashuhuri cha pwani yetu, nieleze kwamba kima wake si mtundu, na ya kwamba ni sisi tuliomtia utundu huo, kwa kukiondolea kisa sehemu ambayo ndiyo hasa iliyokibeba.

Kisa chenyewe kiliandikwa na Edward Steere, kama alivyosimuliwa Unguja, katika kitabu chake cha ngano za Kiswahili kilichopigwa chapa London mwaka 1870. Kima amefanya urafiki na papa. Pana mkuyu mkubwa ambao matawi yake nusu yako upande wa mji na nusu yametanda juu ya bahari. Kila siku kima hupanda akala kuyu, na kila siku papa huja chini ya mti akaomba arushiwe, naye kima humrushia. Siku zikapita. Papa akasema kwamba fadhili zimekuwa nyingi, yafaa rafiki yake amfuate kwao akalipwe. Kima akasita, kwa kuwa yeye ni mnyama wa nchi kavu. Papa akaahidi kumchukua mgongoni. Walipofika katikati ya safari papa akafunua siri: sultani wao ni mgonjwa sana, na dawa iliyotajwa ni moyo wa kima. Kima akafikiri, akajibu kwamba laiti angaliambiwa mapema, maana jamaa zake watembeapo huiacha mioyo yao mtini. Papa akasadiki, akarudi naye. Kima akaruka juu ya mkuyu.

Nilipowataka wanafunzi wangu wanisimulie kisa hiki, wengi wao walikomea hapa. Kima karuka, papa kabaki na mshangao, hadithi imekwisha. Nikawauliza kima ni mnyama wa namna gani. Wakajibu kwa sauti moja: mtundu, mjanja. Jibu lao lilinionyesha jinsi ukataji wa hadithi unavyoweza kubadili tabia ya mhusika bila ya kubadili hata tendo lake moja.

Maana katika masimulizi ya 1870 kisa hakiishii pale. Papa anangoja chini ya mti, kisha anaita tena: shuka, twende zetu. Ndipo kima anapomwuliza kama anamdhania kuwa punda wa dobi, yule asiye na moyo wala masikio. Papa hamjui punda huyo, na kima anamsimulia. Punda wa dobi alimtoroka bwana wake akaishi mwituni akanenepa. Sungura akamwona, akaenda kwa simba aliyekuwa amedhoofika, akaahidi kumletea nyama. Akamwendea punda na habari njema kwamba simba anamposa. Punda akakubali, akaenda, akarukiwa na kuparuliwa. Akapiga mateke akaponyoka. Baada ya siku kupita sungura akarudi na maneno matamu yale yale, na punda akaenda mara ya pili. Safari hii aliuawa. Simba akataka awekewe moyo na masikio. Sungura akavila yeye, na alipoulizwa akajibu kwamba mnyama huyu hakuwa navyo, kwani angalikuwa navyo asingalirudi.

Msomaji atazame jina ambalo Steere alilipa kisa hiki. Hakukiita kisa cha kima, wala cha papa. Alikiita Kisa cha Punda wa Dobi. Punda haonekani ila katika hadithi iliyo ndani ya hadithi, na hata hivyo ndiye mwenye jina. Mwaka 1901, George Bateman alipotoa ngano za Unguja kwa Kiingereza huko Chicago, aliwataja wote watatu: kima kwanza, papa katikati, punda mwisho. Mwaka 1910 Andrew Lang alikichukua kutoka kwa Steere akakitia katika kitabu chake cha ngano cha rangi ya urujuani, na humo jina likawa Moyo wa Kima. Katika miaka 40 punda alisogezwa kutoka mbele mpaka nyuma, kisha akafutwa katika anwani. Ni haki kusema kwamba Bateman na Lang waliibakiza hadithi ya punda ndani ya kisa. Lakini mwendo wa anwani unaonyesha jicho la msomaji lilikokuwa likivutwa, na sisi tuliokuja baadaye tumeumaliza mwendo huo kwa kumwacha punda kabisa.

Kabla ya kuendelea yafaa tuyapime maneno yenyewe, maana Kiswahili kina akiba kubwa hapa na tunaitumia ovyo. Mtundu ni neno ambalo kwa kawaida humwendea mtoto, na ndani yake mna msamaha: mtundu hugusa asichoamriwa kugusa, lakini hakusudii dhara, na pengine utundu wake huwa ndio ubunifu wake. Mtukutu ni yule asiyetulia. Mchokozi hutafuta ugomvi. Mkorofi huleta shari mahali penye amani. Mjanja ana lengo: anataka kupata kitu, na kupata kwake ni hasara ya mwingine. Mwerevu huona mambo yalivyo, na werevu wake huweza kumfaa bila ya kumdhuru mtu. Mhakiki anayemwita kima mtundu, sungura mtundu, na mbweha mtundu, hajasema neno juu ya yeyote kati yao.

Tukivipanga vipimo hivi mbele ya kisa, twaona kwamba mjanja yumo, naye ni sungura. Ndiye anayepeleka posa ya uongo, ndiye anayekula moyo na masikio ambavyo si vyake, na ndiye anayefanya mzaha juu ya mfu. Punda hakumtendea jambo lolote. Kima, kwa upande wake, hakumwendea mtu. Aliendewa. Alitoa chakula bila ya kudai malipo, akakubali mwaliko kwa hofu, na akasema uongo mmoja tu, tena alipokuwa juu ya maji akipelekwa kuchinjwa. Kuuita uongo huo utundu ni kuwafanya mwenye kushikwa na mwenye kushika kuwa sawasawa.

Hapana shaka mtu aweza kuuliza: je, si tabia ya kima mahali pote kuwa mharibifu, na je, msimulizi wa Unguja hakuirithi tabia hiyo? Swali hili lataka tuangalie asili ya kisa. Wanachuoni wanajua kwamba kima na rafiki yake wa majini wametoka mbali. Wamo katika Panchatantra ya Bara Hindi, ambako rafiki ni mamba, na wamo katika visa vya Jataka vya Mabudha. Katika karne ya 6 kitabu cha Kihindi kilitiwa katika Kipahlavi na Burzoy, zama za Khosrow Anushirvan. Na katikati ya karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna, ambamo rafiki ni kobe wa majini. Hadithi ya punda asiye na moyo wala masikio imo ndani ya sura ile ile. Kwa hiyo punda si kiraka kilichoongezwa Unguja. Amesafiri na kima tangu zamani.

Sasa, katika Kalila wa Dimna mna kima mwingine, naye ni mtundu kwelikweli. Anamwona seremala akipasua gogo kwa kabari. Seremala anapoondoka, kima anapanda juu ya gogo na kuanza kuiga kazi. Mkia wake unaingia katika ufa, anaing'oa kabari, na ufa unafumba. Seremala anarudi na kumpiga, na kipigo hicho ni kikali kuliko maumivu ya gogo. Katika Panchatantra mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa kima anakufa pale pale. Huyu ndiye baba wa vima wote waharibifu wa vitabuni: hana haja na gogo, hana faida ya kutafuta, ila mkono wake hauwezi kukiacha kitu kilivyo.

Lakini tuangalie ni nani anayekitoa kisa hicho na kwa sababu gani. Anayesimulia ni Kalila, na anayesimuliwa ni nduguye Dimna, ambaye anataka kujipenyeza katika mambo ya mfalme simba. Kalila anasema kwa mfano: usiguse kazi isiyo yako. Dimna hasikii. Anaingia baraza, anamfitini ng'ombe aliye rafiki wa simba, mpaka simba anamwua rafiki yake kwa mkono wake. Kima wa gogo aliumiza mkia wake mwenyewe. Dimna alimwaga damu ya asiye na hatia. Basi utundu wa kima umewekwa pale uwe kipimo kidogo cha kupimia uovu mkubwa, na mtunzi alijua vema tofauti ya viwili hivyo. Aliyechanganya ni msomaji wa baadaye.

Turudi kwa kima wa pwani. Tukimlinganisha na yule wa Ibn al-Muqaffa twaona mambo matatu yaliyobadilika, na yote yanamwondolea utundu. Kwanza, kima wa Kiarabu ni mfalme mzee aliyepinduliwa na kijana; wa Unguja ni kima tu, raia miongoni mwa raia. Pili, kima wa Kiarabu hakuanza kwa ukarimu. Tini moja ilimponyoka ikaanguka majini, akaipenda sauti yake, akawa anatupa nyingine apate kusikia mlio. Kobe akazila akidhani zimetupwa kwa ajili yake. Urafiki ule ulizaliwa katika mchezo uliofahamika vibaya. Msimulizi wa Unguja ameuondoa mchezo huo. Papa ameomba na kima amempa, na hiyo ni sadaka iliyo wazi. Tatu, katika Kalila wa Dimna na katika Panchatantra anayeutaka moyo ni mke wa mnyama wa majini, ambaye anaona wivu na kujitia ugonjwa. Katika kisa cha Unguja hapana mke wala wivu. Mgonjwa ni sultani.

Badiliko hili la tatu halipaswi kusomwa kwa pupa. Mfalme wa baharini aliye mgonjwa yumo pia katika hadithi ya Kikorea ya sungura na ini lake, na Wajapani wana hadithi yao ya ini la kima linalotakiwa katika nyumba ya mfalme huyo huyo wa bahari. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ni Waunguja pekee waliomwondoa mke na kumweka mtawala. Hata hivyo, maana ya badiliko hilo katika kisa chetu iko wazi. Papa si mume aliyetawaliwa na mkewe. Ni raia aliyetumwa. Hamchukii kima, na katikati ya bahari anamwambia kweli, jambo ambalo mwuaji hodari asingalifanya. Papa amechagua kati ya urafiki na amri ya mkubwa wake, akachagua amri. Khiyana ya namna hii ni nzito kuliko ujanja, kwa sababu anayeitenda aweza kulala usingizi akijihesabu kuwa mtiifu.

Hapa ndipo punda anapohitajika. Wengi hudhani kwamba hadithi yake ni pambo, au dhihaka ya kima aliyekwisha salimika. Mimi naona ni hukumu, na inamwangukia kima mwenyewe kabla ya kumwangukia papa. Tuhesabu miito. Punda aliitwa mara mbili, akaenda mara mbili. Kima aliitwa mara mbili, akaenda mara moja. Tofauti iliyopo kati ya mfu na mzima ni safari moja tu. Kima alipopanda mgongoni kwa papa alikuwa punda, tena punda kamili: aliahidiwa heshima, akaacha nchi yake, akawafuata wenye maneno matamu. Alipoitwa mara ya pili akakumbuka kisa, na kwa kukumbuka akakataa.

Tena lugha yetu inalikuza jambo hili. Moyo kwa Kiswahili ni kiungo cha mwili. Lakini ndiyo mahali pa nia, pa ujasiri na pa kumbukumbu pia, maana husema mtu amehifadhi jambo kwa moyo, au ameliweka moyoni. Naye asiye na masikio ni yule asiyesikia nasaha. Wahenga wamesema sikio la kufa halisikii dawa. Kwa hiyo kima alipomwambia papa kwamba moyo wake umebaki mtini, alisema uongo kwa habari ya kiungo, lakini akasema kweli asiyoijua kwa habari ya akili. Moyo wake ulikuwa umebaki mtini kwelikweli, tangu saa ile alipokubali kuondoka. Aliurudia, akaukuta. Mwenye kukikata kisa pale kima anaporuka huibakiza ile maana ya kwanza na kuitupa hii ya pili. Na akiitupa, kinachobaki ni mnyama mwepesi aliyemdanganya mpumbavu.

Neno moja zaidi juu ya jina. Steere ameandika kima, na ndiye mnyama afaaye, kwa kuwa kima huonekana Unguja, sawasawa na kima punju wa msitu wa Jozani. Katika masimulizi mengine ya kisa hiki nimesikia akiitwa nyani, na mara nyingine tumbili. Watu hudhani hayo ni mamoja. Si mamoja. Nyani ni wa bara, na amekwisha hukumiwa na mkulima anayekesha juu ya dungu akilinda mahindi yake. Methali zinamfuata: nyani haoni kundule; siku ya kufa nyani miti yote huteleza; na hakimu mbaya husemwa ni kama kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Ni kweli iko methali inayomsifu, kwamba nyani mzee amekwepa mishale mingi, lakini hata sifa hiyo yakiri kwamba mishale ilistahili kutupwa. Mkiweka nyani juu ya mkuyu, msikilizaji amekwisha mshuku kabla hajatupa kuyu hata moja, na ukarimu wake utaonekana kuwa mtego. Jina moja likibadilishwa, hukumu yote imebadilika.

Kwa kulinganisha, si vibaya kutaja vima wawili wa ng'ambo. Katika riwaya ya Kichina ya safari ya Magharibi, iliyopigwa chapa mwaka 1592, Sun Wukong huiba mapersikor ya mbinguni na kupigana na majeshi ya huko, mpaka anafungwa chini ya mlima miaka 500. Kisha anafunguliwa amsindikize mtawa, akiwa amevishwa taji inayombana kichwa kila anapokaidi. Utundu wake ni uasi, na riwaya yote ni habari ya kuutia adabu bila ya kuuvunja. Rudyard Kipling naye, katika kitabu chake cha mwaka 1894, aliwaonyesha Bandar-log, kundi la vima wasio na sheria wala mkuu, wanaosema sana na kusahau papo hapo. Kuna dharau ya watu katika picha ile, na hatuna haja ya kujifanya hatuioni. Lakini itazameni kando ya kisa chetu. Kosa kubwa la vima wa Kipling ni kwamba hawakumbuki. Wokovu wa kima wa Unguja ni kwamba alikumbuka hadithi. Ni vigumu kupata jibu lililo kinyume zaidi, nalo lilikwisha andikwa miaka 24 kabla.

Kwa hiyo rai yangu kwa wale wanaotayarisha vitabu vya kusomea ni nyepesi. Najua kurasa ni chache, na kwamba hadithi ndani ya hadithi huwachosha watoto wadogo. Lakini kama nafasi haitoshi, heri kuchagua kisa kingine kuliko kukichapa hiki bila ya punda wake. Mtoto anayekisoma nusu hufundishwa kwamba mwenye ulimi mwepesi hushinda. Mtoto anayekisoma kizima hufundishwa jambo gumu zaidi: kwamba hata mwenye akili huweza kuchukuliwa mgongoni mara moja, na ya kwamba rafiki mwema aweza kukutoa kwa sababu ya amri tu, tena kwamba aliyeponea chupuchupu hana budi kuwa na moyo wa kukumbuka na masikio ya kusikia anapoitwa tena. Papa angali chini ya mkuyu anaita. Somo hili si la watoto peke yao.